Kazi ya Nani Unakwenda Kuifanya Kambini?

“Mtoto anaharaka tangu juzi,” yule mama aliniambia, akamgeuza mwanawe mgongoni ili nimwone uso.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, daftari mapajani. Ilikuwa siku yangu ya tatu ya kujitolea katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Kazi niliyopewa ilikuwa kumwuliza kila mgonjwa shida yake kwa Kiswahili kisha kumwandikia muuguzi kwa Kiingereza, maana muuguzi alikuwa Mnyankole na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Niliandika kwamba mama ana haraka. Nikamwomba avumilie, foleni inasogea.

Mama hakuwa na haraka. Mtoto alikuwa anahara. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo hupachika *-ak-* kwenye kitenzi kuonyesha jambo linalojirudiarudia: anaendaka, anakulaka, anaharaka. Kijana mmoja Mkongomani, naye mkimbizi, alikuwa ameketi mwisho wa benchi lile lile. Alinisikia nikimtuliza mama, akainuka, akaibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, dalili ya mwili uliokauka maji. Akamshika mama mkono, wakaingia ndani bila kungoja foleni, nami nikamsikia akimweleza muuguzi kwa Kiingereza kizuri kuliko changu: siku mbili, mara nane kwa siku, hanyonyi.

Karatasi ile ninayo hadi leo, na maneno “ana haraka” yamekaa pale kwa mwandiko wangu. Mtoto alipata maji ya chumvi na sukari kwa wakati, akapona. Lakini mimi nilikuwa nimetoka Mombasa kwenda Nakivale nikiwa na jambo moja tu la kujivunia, nalo ni Kiswahili. Nilijua sina udaktari, sina uhandisi wa maji, sina fedha za kugawa. Nilidhani lugha ya mama, iliyolelewa Likoni na kunolewa Mji wa Kale, ingetosha kuwa mchango wangu. Kumbe pembeni yangu alikuwapo mtu anayeijua lugha ya wagonjwa wale kwa kuzaliwa, anayekijua Kiingereza, na anayejua kuibana ngozi ya mtoto na kusoma jibu lake. Baadaye niligundua kwamba alisomea uuguzi kwao Kivu na ana cheti. Kiti changu kilikuwa kando ya daftari. Chake kilikuwa mwisho wa benchi.

Tangu nirudi Mombasa, haupiti mwezi bila kijana kuniuliza njia ya kwenda kujitolea kwenye kambi za wakimbizi. Kuna wanafunzi wa chuo wanaosubiri mahafali, kuna waliomaliza na kazi hawajaiona, na kuna wenye ajira zao nzuri bandarini wanaotaka likizo yao iende kwenye jambo la maana. Wengi wanataka Uganda, au Kigoma kwa Wakongomani na Warundi wa kambi ya Nyarugusu. Wawili wameniuliza kuhusu Ugiriki, mmoja kuhusu Cox's Bazar kule Bangladesh waliko Warohingya waliokimbia Myanmar. Simzuii hata mmoja. Ila kabla hatujafika kwenye nauli na pasipoti, namwuliza kila mtu swali hili: hiyo kazi unayokwenda kuifanya, leo hii anaifanya nani? Na kama hakuna anayeifanya, ni kwa sababu hakuna anayeiweza, au kwa sababu anayeiweza amezuiwa?

Swali hili lilikuwa nyumbani kwetu siku zote, nikachelewa kuliona. Mamangu alifundisha chekechea Likoni miaka mingi, katika shule ya binafsi ambayo kila Julai ilipokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Walikuja na upendo wa kweli, sitaki kuwasingizia. Walikuja pia na mwezi mmoja tu. Katika mwezi huo mamangu aliambiwa akae nyuma ya darasa, asaidie watoto kwenda msalani, kwa kuwa wageni wamelipa ili wafundishe. Mshahara wa mwezi huo ulikatwa nusu, kwa hoja kwamba amepumzika. Agosti ilipofika wageni waliondoka huku watoto wakilia, na shule ilipofunguliwa tena mamangu alichukua majuma mawili kuwafunza upya kukaa, kunyoosha mkono, kushika kalamu kwa vidole vitatu. Aliniambia mara moja tu, akichambua mchele: “Mwanangu, si wabaya wale. Hakuna aliyewaambia kwamba kile kiti kina mwenyewe.”

Sisi watu wa Pwani tumekuwa upande wa kupokea kwa muda mrefu. Tumewaona wageni wa kujitolea Mtwapa, Ukunda, Likoni, Malindi. Tumeona nyumba za watoto zikichipuka kando ya barabara ya hoteli, hadi serikali ikasimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Kwa hiyo kijana wa Mombasa anapofunga begi kwenda kambini nchi nyingine, haendi akiwa mjinga wa jambo hili. Anajua, kama ataikubalia kumbukumbu yake, jinsi mtu anavyojisikia anapohudumiwa na mgeni asiyemwuliza chochote.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kujitolea ni kazi bure. Kuna siku ambapo mkono wowote unafaa, na mkono wa kwanza kufika ndio bora. Mwaka 2015 watu takriban nusu milioni walitua katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, wengi wao kwa mashua za mpira. Wavuvi na wanakijiji ndio waliokuwa ufukweni kwanza, kisha watu wa kujitolea kutoka kila pembe wakaja na blanketi na nguo kavu. Pale hukuhitaji cheti kumvuta mtoto kutoka majini. Na hatuhitaji kwenda Ugiriki kutafuta mfano. Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji Pemba na Unguja, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, mwendo mfupi tu kusini mwa Mombasa. Waliopokea mashua zile za mwanzo walikuwa watu wa Shimoni wenyewe, kwa sufuria zao na mikeka yao. Hawakujiita watu wa kujitolea. Walijiita jamaa, na wengi walikuwa jamaa kweli.

Nyuma zaidi ya hapo, Mombasa yenyewe ilikuwa mji wa kambi. Vijana wengi wanaoniuliza njia ya kwenda Nakivale hawajui hilo, na wakati mwingine naona uchungu kuwaeleza. Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, watu wa Barawa, Wabajuni na watu wa Benadir walikuja kwa majahazi na kwa barabara, wakawekwa Utange, Jomvu, Swaleh Nguru, Hatimy, na Marafa kule nyuma ya Malindi. Mbarawa akizungumza Chimiini, lugha ya kwao, na mzee wa Mombasa walielewana kwa subira kidogo, maana ni lugha za ukoo mmoja. Bibi yangu alikuwa akipeleka mahamri Swaleh Nguru asubuhi za Ramadhani ilipokwisha, akirudi na habari za watu kana kwamba ametoka kwa majirani. Kisha, kufikia mwisho wa miaka ya 1990, kambi za Pwani zikafungwa na watu wakahamishiwa Kakuma na Dadaab, mbali na bahari, mbali na lugha, mbali na kazi walizokuwa wameanza kuzishika. Bibi aliendelea kuulizia mwanamke mmoja mfuma kofia kwa miaka. Hakupata jibu.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mjadala wetu wa kujitolea huipita bila kuitazama: tofauti ya siku na miaka. Siku za kwanza zinataka mikono. Mwaka wa kumi mikono imejaa tele, imekunjwa, inangoja ruhusa. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokimbia Rwanda. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Kuna mtu aliyezaliwa Dadaab, akaolewa Dadaab, na sasa mwanawe yuko darasa la sita Dadaab. Mahali kama hapo hapawezi kuendelea kuitwa dharura, na anayekwenda huko na moyo wa dharura ataona uhaba ambao haupo na kupofuka kwa ule uliopo. Ataona watoto wengi akadhani hakuna walimu. Walimu wapo. Wanafundisha madarasa ya watoto themanini kwa ile posho inayoitwa insentivu, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mshahara wa mwalimu Mkenya katika shule hiyo hiyo, kwa sababu mkimbizi hahesabiwi kama mwajiriwa. Jina lake rasmi ni mtu wa kujitolea. Yeye pia! Tofauti ni kwamba yeye hajitolei kwa mwezi mmoja, na hana tiketi ya kurudi.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaitumia kumsema mgeni mvivu, lakini nionavyo mimi inamsema mwenyeji zaidi. Jembe linatolewa na nani? Mwenyeji. Uganda, pamoja na matatizo yake yote, ilifika kwenye siku ya tatu. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na anayefika makazini hupewa kipande cha ardhi. Ndiyo maana Nakivale haina uzio, na ukitembea utaona maharage, mahindi, ng'ombe, vinyozi, maduka ya Wasomali, makanisa ya Wakongomani yenye ngoma hadi usiku. Ndiyo maana pia nchi ile inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,700,000, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Sisi Kenya tulimweka mgeni kwenye mkeka miaka thelathini na kitu, tukamletea chakula, tukamwambia asitoke bila kibali, kisha tukamlaumu kwa kula bila kulima. Sheria mpya ya 2021 na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa 2025, zinaahidi njia nyingine, kambi zigeuke kuwa sehemu ya miji na mkimbizi aweze kufanya kazi. Naitakia heri ahadi hiyo kwa moyo wangu wote. Nitaiamini nikimwona mwalimu mkimbizi wa Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, akilipwa sawa na mwenzake Mkenya.

Hata hivyo jembe la Uganda nalo limepungua makali. Vipande vya ardhi vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Tangu 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa chakula kwa mafungu, aliye na hali mbaya zaidi apate zaidi, anayedhaniwa kujiweza apate kidogo au asipate kabisa. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya nje, athari zilifika hadi kwenye benchi lile nililokalia: mashirika yakafunga miradi, na waliopoteza nafasi kwanza walikuwa hao hao wakimbizi wa posho, wakalimani, wahamasishaji wa afya, walimu wasaidizi. Katika hali hiyo utasikia wito kwamba sasa watu wa kujitolea wanahitajika kuliko wakati wowote. Wito huo unanitia wasiwasi. Nafasi ya mkalimani Mkongomani ikifutwa kwa kukosa posho, kisha ikajazwa na kijana wa Mombasa aliyejilipia nauli, kambi imepoteza mkalimani bora na familia moja imepoteza mlo, na sote tutapiga picha tukitabasamu.

Nilipiga hesabu yangu mwenyewe, na naiweka hapa kwa sababu kuificha si haki. Basi la Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kampala kupitia Busia, Kampala hadi Mbarara, kisha teksi na bodaboda hadi makazini, na kurudi, zilinitoka shilingi 14,000 hivi za Kenya. Ongeza chakula na malazi ya majuma matano. Yule kijana aliponitajia posho yake, niliona nauli yangu peke yake inapita posho yake ya miezi mitatu. Alinitajia bila kinyongo, tukiwa tunakula ugali na kisamvu, ambacho wao hukiita sombe. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Watu wananijibu kwamba nia ni njema. Najua. Nia ilikuwa njema pale shule ya mamangu pia. Wazee wetu Mombasa husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi nimelelewa kwenye neno hilo. Lakini anayetoa humtazama anayepokea, akajua kipimo chake. Humpelekei mwenye kisukari kaimati, hata kama umeziroweka shira kwa moyo wako wote. Wengine wananijibu kwamba kwenda kwenyewe kunafungua macho, na hilo ni kweli tupu. Mimi yangu yalifunguliwa. Basi tukiite kwa jina lake. Hiyo ni safari ya kujifunza, na mwanafunzi humlipa mwalimu. Ukienda Nakivale kujifunza, mlipe mwenyeji wako anayekutembeza na kukutafsiria, kula kwake kwa fedha, kaa nyuma ya darasa. Usimwambie mtu kwamba umekwenda kumwokoa.

Kuna mambo mengine ambayo hayana mjadala, nitayapitia upesi. Makazi ya Uganda yanataka kibali kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na shirika linalokwambia “njoo tu” bila kibali halikufai. Shirika lisilotaka kuona cheti chako cha tabia njema kutoka polisi halijali watoto waliomo. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone kulikuwa na watu wa misaada waliowataka wasichana kimwili kwa kubadilishana na chakula. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukatoa amri ya kukataza uhusiano wa aina hiyo. Kwa hiyo usione cheti kama usumbufu. Na simu yako iache mfukoni. Mtu aliyekimbia kundi lenye silaha hajui picha yake itafika kwa nani, wala wewe hujui. Mama wa “anaharaka” aliniomba jambo moja tu kwa siku zote nilizokaa pale: kwamba nisiandike jina la kijiji chake.

Tunarudi kwenye swali gumu. Kama Kiswahili changu hakikutosha, nilikuwa na nini? Kwa majuma mawili nilikuwa sina jibu. Nilihama kutoka kwenye kiti cha daftari nikaomba yule kijana akikalie, na mimi nikawa mbeba maji na msoma majina kwenye foleni. Nilijifunza kwamba daktari ni *munganga*, kwamba maji ni *mayi*, kwamba mtu akiuliza “juu ya nini?” anataka kujua sababu. Hayo yalinifaa mimi. Jibu lilikuja jioni moja aliponionyesha cheti chake, kimefungwa ndani ya nailoni mbili na gazeti. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Ni cheti cha muuguzi wa daraja ambalo Wakongomani huliita A2, yaani aliyesomea uuguzi katika ngazi ya sekondari. Ili asajiliwe Uganda afanye kazi kwa mshahara, kilihitajika kitafsiriwe na mtu anayekubalika kutafsiri nyaraka, kisha chuo kilichokitoa kithibitishe kwa barua kwamba kweli ni chake. Chuo kiko Rutshuru, katika eneo ambalo waasi wa M23 walilitwaa kabla hawajaingia Goma mwezi Januari 2025. Yeye ana haki ya kufanya kazi, sheria inasema hivyo waziwazi. Kinachomkosesha ni karatasi mbili.

Sasa huo ndio uhaba wa mwaka wa kumi. Si mikono, wala moyo, wala hata ujuzi. Ni karatasi, simu zinazopigwa mara ishirini hadi mtu apokee, nauli ya kwenda Kampala kufuatilia faili, mtu wa nje wa kusema “mimi namjua, nimemwona akifanya kazi”. Kwa mtu mwenye kitambulisho mfukoni na wakati wake mwenyewe, haya ni mambo ya kuchosha tu. Kwa asiyekuwa nayo ni ukuta. Nikaelewa kwamba kama kuna kazi ambayo mkimbizi hawezi kuifanya mwenyewe, ni hii, na haihitaji nikae Nakivale hata siku moja zaidi. Sehemu kubwa ya faida ya safari yangu ilianza basi lilipoingia Mwembe Tayari, hapa Mombasa.

Nilipofika nilimtafuta mwalimu mmoja wa Kifaransa hapa mjini ambaye ameidhinishwa kutafsiri nyaraka rasmi. Nilimweleza, nikamwuliza bei. Akaniuliza kijana ana umri gani, nikamwambia ishirini na sita. Akasema, “Lete.” Alikaa usiku mbili baada ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake, hakuchukua hata shilingi. Mwanamke yule hajawahi kuona kambi ya wakimbizi, hajavuka Mariakani kwa ajili ya jambo hili, wala picha yake haitatokea popote. Na kati yangu mimi niliyesafiri siku mbili kwa basi na yeye aliyekaa mezani kwake Tudor, najua ni nani aliyejitolea kwa kitu kilichokosekana.

Ndiyo maana sasa kijana akinijia kuniuliza njia, namwuliza pia anajua kufanya nini vizuri kiasi cha kulipwa. Mmoja alikuwa fundi wa sola. Huyo nilimtafutia watu wa kuzungumza nao kabla sijamaliza chai, kwa sharti kwamba aende kuwafundisha mafundi wa pale hadi waweze bila yeye. Mwingine anafanya kazi kwa wakili na anajua kuandika maombi. Yeye hakwenda, anasaidia barua mbili kila juma kwa simu. Dada mmoja muuguzi alikwenda miezi mitatu kuziba pengo la mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi, na aliporudi hakuacha kiti kimezibwa. Wengine nimewaambia kwa upole wabaki, na kwamba nauli yao waitume kwa mtu ambaye tayari yuko kazini. Wawili walikasirika. Mmoja alirudi baada ya mwezi akaitoa fedha yote.

Nawasihi pia wazungumze na wazee wao. Utange ya kambi imekwisha, pamejengwa, lakini Kisauni bado wapo watu wanaokumbuka mahema yalikuwa wapi, nani alifungua duka, nani alifundisha watoto Kurani chini ya mwembe, nani alichukuliwa kwenda Kakuma akilia. Wapo Wabarawa waliobaki wakawa majirani zetu, wanunuzi wetu, wake na waume zetu. Mtu anayetaka kujua mkimbizi anahitaji nini mwaka wa thelathini anaweza kupanda matatu ya shilingi hamsini akamwuliza, kabla hajapanda basi la Kampala.

Barua ya chuo bado hatujaipata. Nimepiga namba tatu; moja haiiti kabisa, moja inapokelewa na mtu anayesema nimekosea, ya tatu ni ya mwalimu mstaafu aliye Goma, ambaye aliahidi kumtafuta aliyekuwa mkuu wa chuo. Nampigia kila Jumatatu usiku, wakati mtandao wake unapokuwa na nguvu. Tafsiri imekamilika isipokuwa sehemu moja ambapo muhuri umefifia na mwalimu wetu wa Tudor amekataa kukisia. Alitaka picha iliyo wazi zaidi. Jana yule kijana alinitumia nyingine. Amekilaza cheti kwenye benchi la kituo cha afya, juani, amekibana pembe nne kwa vijiwe. Tarehe sasa inasomeka, na jina lake, na neno la kwanza la muhuri. La pili bado.